Kivuli cha Nondo

Kasha lilifika Hombolo Jumatano,
juu ya magunia ya mbegu za alizeti:
seti moja, na sisi arobaini na mmoja.
Mwalimu Chitema akalifungua kwa wembe,
polepole, kama anayemnyoa kichanga,
akasema, atakayepoteza skrubu
atatambaa mpaka aipate.

Nilitambaa siku ile ile.
Chini ya madawati niliona ya chini ya madawati:
katambuga za Mbeleje, zilizoshonwa mara mbili,
visigino vya Nyemo vyenye tope
la mizabibu aliyoimwagilia alfajiri,
na skrubu yenyewe, punje ya uwele,
imejibanza kwenye ufa wa saruji.
Vidole vilikuwa vinene mno.
Niliitoa kwa ncha ya ulimi.
Sikumwambia mtu.

Hadi hapo sayansi ilikuwa kunakili.
Mota: mchoro. Mkondo: mshale.
Nilipata sabini na nane katika mada ya umeme
sijawahi kushika waya.

Kumbe waya una tabia.
Ukiuvuta unakatika kwa ndani, nje ukicheka,
nawe unashinda mchana kutwa ukiilaumu betri.

Umeme ulipokatika, mambo nusu,
Nyemo hakuuliza. Alichukua msumari wa inchi sita,
akauchomeka katika jiko la muuza maandazi,
akarudi mbio, msumari mwekundu mbele yake,
sote tukimpisha kama anapita bibi harusi.
Tone la lehemu likang'aa, likapoa,
likawa jicho la samaki.

Mbeleje yeye alikuwa kimya wiki mbili.
Baba yake hutengeneza ilimba
kwa njiti za miavuli iliyokufa.
Siku ya tatu ya wiki ya tatu aliinama,
akaweka sikio juu ya gia zinazozunguka.
"Jino moja halipo," akasema. "Sauti inaruka."
Tulimcheka.
Tulifungua.
Jino moja halikuwepo.

Msimbo niliandika mimi.
Fuata cheusi. Ukikikosa, geuka kushoto, kitafute.
Mistari kumi na minne, na nilijivunia kila mmoja
kama mtu aliyejenga kwa matofali ya kuchoma.

Saa kumi jioni mkuu wa shule alikuja na kiti chake.
Tukaiweka roboti juu ya utepe mweusi.
Kona ya kwanza, ikapita.
Kona ya pili, ikasita, ikapita.
Mtu akaanza kupiga makofi, akanyamazishwa.
Ndipo jua la magharibi likaingia dirishani
na nondo zikalaza vivuli vyao sakafuni.

Roboti ikafika njia panda.
Ikaacha utepe.
Ikafuata kivuli cha nondo ya nne,
imenyooka, haina shaka hata kidogo,
mpaka mlangoni, ikaruka kizingiti,
ikaanguka kwenye udongo mwekundu wa uani
na kuanza kuzunguka kushoto, kushoto, kushoto,
ikitafuta cheusi katika Dodoma yote.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Nyemo alifunika uso.
Mkuu alibeba kiti chake akaondoka.

Mwalimu Chitema alipiga magoti kando ya mashine,
suruali yake ya kaki ikala vumbi.
"Haikukosea," akasema.
"Mliiambia cheusi.
Hamkuiambia cheusi kipi."

Usiku bwenini, kwa tochi, nyuma ya karatasi ya sukari,
nilijaribu kuandika mstari wa kumi na tano:
namna ya kumweleza asiyejua kivuli
kwamba kivuli si njia.
Nilifuta mara tisa.
Katikati ya kufuta nikakumbuka daftari zangu zote,
tangu darasa la kwanza,
na jinsi mwandiko wangu ulivyokuwa ukisifiwa.

Asubuhi alama za magurudumu zilikuwa bado uani,
mistari miwili myembamba, duara juu ya duara,
na katikati kuku wa mlinzi
amejichimbia, amefumba macho,
anaoga vumbi.